Anakaribia Matarajio

Ukiingia nyumba inayowasomesha watoto wake yenyewe na ukataka kumjua mkuu wa shule, usimtafute anayefundisha. Mtafute anayeandika malengo. Kwetu Kisauni mimi ndiye ninayefundisha. Ndiye ninayechonga penseli, ninayekuna nazi, ninayempokea muuza maji na mkokoteni wake katikati ya hesabu za sehemu, na ndiye ninayeulizwa jioni kwa nini kitinda mimba bado anaiandika herufi "b" ikitazama nyuma. Malengo huyaandika mama watoto, usiku, akisharudi kutoka bandarini anakofanya kazi, kwa kalamu za rangi tatu na rula.

Shauri la kuwatoa watoto shuleni lilikatwa nikiwa jikoni. Sababu zilikuwa nzuri, siwezi kuzikana: basi la shule lilipiga honi kabla jua halijachomoza, karo ilipanda kila muhula, na Daraja la Nyali asubuhi ni somo la subira ambalo mtoto wa miaka saba hana haja nalo bado. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Sebule yetu haijaidhinishwa na waziri yeyote. Imeidhinishwa na mama watoto, na katika miaka yote ya ndoa yangu sijapata kuona waziri mwenye mamlaka kama yake. Tukaanza. Wengi wanaosomesha nyumbani nchini hukaa hivyo hivyo, kwenye ukingo wa sheria, wakiomba asije mgeni mwenye faili kubisha hodi saa tatu asubuhi.

Kufundisha nakuweza. Yanayonikondesha ni malengo.

Pale ukutani palipokuwa na picha ya harusi yetu sasa pana karatasi za manila, moja juu ya nyingine mpaka karibu na dari. Mama watoto alipakua miundo ya mtaala ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, akaipenda lugha yake, na tangu hapo hakuna jambo linalofanyika humu ndani bila kuandikwa hivi: "Kufikia mwisho wa mada, mwanafunzi aweze..." Kisha vinafuata vitenzi. Na vitenzi hivi si vya kuokota njiani. Mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Marekani na wenzake walizipanga ngazi za kufikiri, kutoka kukumbuka jambo hadi kulitathmini, na walimu wa dunia nzima wamekuwa wakizipanda ngazi hizo mpaka leo. Mwaka 1962 mwenzao mwingine, Robert Mager, akaongeza masharti: lengo liseme mwanafunzi atafanya nini, katika hali gani, na kwa kiwango gani. Hairuhusiwi kuandika kwamba mtoto "ajue" au "aelewe", maana hakuna aliyewahi kumwona mtu akielewa. Andika "ataje". Andika "aorodheshe", "atofautishe", "apange". Andika kitu ambacho mkaguzi akiketi kwenye kochi atakiona kwa macho yake.

Fikra hiyo ni nzuri mpaka uwe na mtoto wa miaka kumi anayesoma ukuta.

Kifungua mimba wangu hasomi kitabu kwa hiari, lakini zile manila amezisoma kama wakili asomavyo mkataba wa upande wa pili. Tulipofika kwenye mboga, lengo lilisema aweze kutaja mboga tano zinazopatikana katika mazingira yake. Akasimama. "Mchicha, mnavu, kisamvu, sukuma wiki, bamia." Akaketi. Nikamwambia haya, sasa tuandike insha fupi juu ya kilimo cha mboga.

"Baba, lengo linasema nitaje."

"Ndiyo, sasa umetaja, tuandike."

"Nimetaja. Limekwisha."

Nikamtazama, akanitazama. Mama yake aliporudi jioni alikuta alama ya kijani tayari imepigwa, akafurahi, na mimi nikaulizwa kwa nini mtoto haandiki insha.

La kitanda ndilo baya zaidi. Mama watoto aliandika kwa rangi ya buluu kwamba kufikia mwisho wa mada mwanafunzi aweze kutandika kitanda chake bila kusaidiwa. Kijana akakitandika. Sijaona kitanda kilichotandikwa vizuri hivyo hata katika hoteli za watalii: shuka limenyooka, foronya mpya, chandarua kimefungwa fundo juu. Akaniita nishuhudie, akapigiwa alama. Hajakigusa tena. Nikiuliza, ananishika mkono ananipeleka ukutani. Hapakuandikwa "kila siku". Alitakiwa aweze, akaweza, na alama ni ya mama yake mwenyewe. Nikamwomba mama watoto aongeze hayo maneno mawili. Akanijibu kwamba lengo likishapigwa alama halibadilishwi katikati ya muhula, kazini kwao mambo hayaendi hivyo. Basi kila asubuhi kitanda kile kinatandikwa na mtu ambaye jina lake haliko popote kwenye ile manila.

Au tuseme halikuwako. Sasa liko, na lilivyofika pale ni hadithi yake.

Kazini kwa mama watoto, kwa mawakala wa forodha wanaoondoa mizigo bandarini, kila robo ya mwaka mfanyakazi hupewa fomu ya malengo yake, na mwisho wa robo anaitwa ndani na kuulizwa. Mtu akitoka huko hawezi kuiacha kazi getini. Akaniletea vile vigezo vitano ambavyo ofisi zote siku hizi zinavijua kwa jina la SMART, akisema elimu ya nyumbani nayo iendeshwe kwa vigezo. Mimi ni mtu wa kuhariri vitabu vya watu, nikiletewa neno lazima nitafute limetoka wapi. Vigezo hivyo viliandikwa na George Doran mwaka 1981, katika jarida la mameneja huko Marekani. Hilo la mameneja nimelitaja makusudi: Doran hakuwa akizungumza na baba aliyeshika mwiko. Na katika andiko lake kigezo cha tatu sicho hiki cha kwenye semina, cha lengo kuwa la kufikika. Alichosema yeye ni kwamba lengo liwe na mtu maalumu aliyepewa kulitekeleza.

Nilimsomea mama watoto nikidhani nampunguzia imani. Akaweka kikombe chini.

"Umeona! Ndicho tulichokosa."

Akachukua rula akachora safu mpya upande wa kulia wa manila zote, akaipa kichwa: Mhusika. Akaijaza kutoka darini hadi sakafuni. Kufundisha kugawanya: Baba. Kukagua usafi wa kucha: Baba. Safari ya Fort Jesus, kueleza kwamba Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, pamoja na nauli na maji ya kunywa: Baba. Mstari mmoja tu ndio ulioandikwa "Wote", na mstari huo unasema: Kusherehekea mafanikio. Doran mwenyewe alitahadharisha kwamba si lazima kila lengo litimize vigezo vyote vitano. Sehemu hiyo nayo nilimsomea. Akasema hilo tutalizungumza robo ijayo.

Lakini nisije nikaonekana ninawaonea waandishi wa Kimarekani, maana yule Mager alinipa kipindi kizuri kuliko vyote vya muhula, ingawa hakikwenda kama alivyokusudia. Kitabu chake anakifungua kwa ngano ya farasi wa baharini aliyefunga safari kutafuta bahati yake, mfukoni ana sarafu saba. Njiani akakutana na mkunga, akauziwa pezi la kumwongezea mwendo. Akakutana na sponji, akauziwa chombo cha kasi zaidi. Kisha akakutana na papa, na papa akamwonyesha njia ya mkato, ambayo ilikuwa kinywani mwake. Fundisho lake ni kwamba asiyejua aendako huenda akafika pengine. Nikawasimulia watoto usiku, kwa madoido, kama kazi ya kusikiliza na kuzungumza. Kifungua mimba akafikiri.

"Baba, huyo papa alikuwa anakwenda wapi?"

"Hakuwa na pa kwenda. Alikuwa amekaa tu."

"Alikuwa anataka nini?"

"Kula."

"Basi papa ndiye aliyekuwa na lengo."

Akaanza kuhesabu vidoleni, vigezo vya ukutani kwa mama yake. Mahsusi: farasi yuleyule, si samaki wengine. Linapimika: ameliwa au hajaliwa. Mhusika: papa. Lina uhalisia: kinywa kinatosha. Lina muda: kabla ya chakula cha jioni. Sikuwa na la kujibu. Katika ngano nzima ya kufundisha watu kuweka malengo, aliyeyaweka sawasawa ni yule mwenye meno. Pembeni kitinda mimba alikuwa amekwisha anza kulia, kwa sababu hakuna aliyekwenda kumwambia mama yake farasi.  Muda wote uliobaki wa kipindi niliumalizia nikitunga jinsi farasi alivyotokea kwenye matamvua akaogelea hadi kwao Tudor. Kazi hiyo hamna mahali pa kuipigia alama.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama mmoja wa bara, naye husomesha wanawe nyumbani. Yeye hutumia mtaala wa Accelerated Christian Education, ulioanzia Texas mwaka 1970. Kila mtoto ana kimeza chake chenye vizuizi ubavuni asichungulie mwenzake, kila somo lina vitini 12 kwa mwaka, na kila siku mtoto mwenyewe anajiandikia atafanya kurasa zipi. Akikwama hapazi sauti. Anasimamisha kibendera kidogo na kungoja. Mama watoto alikwenda kumjulia hali, akarudi amenyamaza, na mke wangu akinyamaza mimi huenda kuhesabu pesa. Sisi ni Waislamu, mtaala ule si wetu, lakini akasema kibendera hakina dini. Kesho yake tukawa na vibendera viwili vya Kenya, vile vinavyouzwa barabarani ikikaribia Madaraka.

Kibendera kilisimama kwa kutaka maji. Kilisimama kwa haja ndogo. Kilisimama kushtaki kwamba dada mtu amesimamisha chake na hana shida yoyote. Kilisimama, na nilipofika nikaulizwa tunakula nini. Vibendera sasa vimechomekwa kwenye chungu cha mrehani barazani, na wapita njia wanatudhania wazalendo.

Lile jingine, la mtoto kujipangia kurasa, niliona tulijaribu, kwa kuwa lilikuwa jambo pekee kutoka ghorofa ya juu lisilohitaji pesa. Nikampa kifungua mimba kitabu cha hesabu na daftari: andika mwenyewe utafanya nini kesho. Akaandika: ukurasa wa 1. Ukurasa wa 1 ni ule wa kuandika jina la mwenye kitabu. Akaumaliza kabla ya chai, akanitazama kwa huruma. Siku iliyofuata akajipangia wa 2 na wa 3, ambayo ni yaliyomo. Sikusema neno. Nikaendelea kuchambua mchele. Siku iliyofuata ikawa lazima aandike ukurasa wa 4, na ukurasa wa 4 una kugawanya, kugawanya kwa kweli, kwa namba za tarakimu mbili.

Aliketi mbele ya ule ukurasa amenuna. Akatazama ukuta, ukuta haukuwa na la kumwambia. Akanitazama mimi; mimi sikuandika kitu. Akalitazama daftari, na mwandiko ulikuwa wake. Kwa mara ya kwanza nilimwona mwanangu akimkasirikia mtu aliyempangia kazi bila hasira hizo kunifikia. Akavuta penseli akagawanya, huku akisonya. Nilikuwa na mchele kwenye ungo na nikashindwa kuendelea.

Mama watoto nilipomweleza aliuliza swali moja: kwa kipimo gani? Maana ana vipimo vyake, vile vinne vya mtaala, na amevipenda kuliko vitenzi. Kuzidisha matarajio. Kufikia matarajio. Kukaribia matarajio. Mbali na matarajio. Vilikusudiwa wanafunzi, lakini nyumba ikishazoea kipimo haimbagui mtu. Pilau yangu ya Ijumaa "imekaribia". Fundi wa bomba yuko "mbali". Ndugu yangu aliyekopa pesa akarudisha nusu naye "anakaribia", nami najua hapo alipo ndipo atakapofia.

Aliyevimaliza vipimo hivyo ni mama mkwe. Alikuja kutoka Lamu kwa basi, na achari na mikate ya mofa, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za wagonjwa akauliza kuhusu wajukuu.

"Wasoma?"

"Wasoma, Mama."

"Wapi?"

"Papa hapa, Mama."

Akaitazama sebule. Akainama akatazama na chini ya meza. "Na huyu mkubwa amefika wapi katika hesabu?"

Mama watoto akasimama kwa fahari mbele ya ukuta, akaweka kidole. "Anakaribia matarajio."

"Yuwakaribia tangu lini?"

"Tangu muhula uliopita."

"Basi mwambieni apige hodi aingie."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na mimi nililipia usiku. Kisha bibi akaendesha mtihani wake mwenyewe. Alimtuma kijana dukani kwa mdomo tu, bila karatasi: unga, sukari nusu kilo, kiberiti, na chenji arudi nayo yote. Kijana akarudi na vitu vyote na chenji pungufu ya shilingi kumi, na kabla hajaulizwa akatoa hesabu: peremende mbili, moja yake na moja ya dada yake, na anaomba zikatwe kwenye pesa ya sikukuu. Bibi akasema huyu amesoma. Kitinda mimba akapewa kadi ya mwaliko wa harusi iliyokuwa mkobani mwa bibi. Akaisoma polepole, akajikwaa kwenye "mnakaribishwa", akainuka akaendelea. Bibi akamuuliza: karamu ni siku gani? Jumamosi. Ya wanawake ni wapi? Akataja ukumbi. "Haya, yatosha." Huku mama watoto amekwisha kimbilia kalamu, anaandika: kutatua matatizo, mawasiliano, uraia, kujiamini. Mtaala una umilisi saba, na yeye alipata minne ndani ya mfuko wa unga.

Hapa ndipo ninapokuja na lalamiko langu hasa. Kila anayeingia nyumba hii ana mtihani wake mfukoni. Shemeji mmoja huwauliza makao makuu ya kaunti. Kaunti ziko 47. Wanangu wanajua kwamba Mombasa ni namba 001 na hilo wanaliona linatosha kwa sasa. Mjomba wao huuliza watakuwa nani wakikua, akitegemea kusikia daktari. Shangazi yao huwataka waseme Kiingereza kidogo tu, asikie. Na kila mgeni akiondoka, usiku ule ule ukuta huongezeka mstari. Ule unaosema aweze kutaja kaunti zote 47 na makao yake makuu haukutoka kwenye mtaala. Ulitoka kwa shemeji, siku ya Idi, alipotikisa kichwa. Ukizisoma zile manila kutoka juu hadi chini kama ninavyozisoma mimi nikingoja maji yachemke, utawaona jamaa zetu wote wamo humo, mmoja mmoja, na aibu tuliyoipata mbele ya kila mmoja. Watoto huwaoni. Wao ni wale wanaotakiwa waweze.

Sisemi mtu asipange. Mtoto akikaribia tathmini ya Gredi ya 6 lazima ujue ataandikishwa kupitia shule gani, silabasi imebaki wapi, na vitabu vipi bado. Mtu mmoja nyumbani lazima ajue mwaka unakwenda wapi, na katika hilo namshukuru mama watoto, maana ingekuwa mimi tungekuwa bado kwenye mboga. Lakini mwaka huo aubebe mkubwa. Kumtwisha mtoto wa miaka saba matokeo yanayotarajiwa kufikia Novemba ni kumwonea. Yeye Novemba haijui. Anaijua kesho, na hiyo nayo kwa sharti kwamba kuna mahamri.

Anayelijua hili vizuri ni ustadhi wa chuoni. Watoto wetu wakishasali Alasiri huenda kwake, na mama watoto alinituma nimwombe malengo yake ya muhula, ili ayaoanishe na ya ukutani. Nikamwamkia, nikaeleza haja yangu kwa adabu. Akaniuliza malengo ya nini. Nikasema ya huyu binti. Akaifungua Juzuu Amma ya kitinda mimba, kurasa zake zimejikunja pembe, akaweka kidole.

"Yuko hapa." Akakisogeza kidole kidogo. "Kesho, hapa."

"Na mwisho wa mwaka, ustadhi?"

"Msahafu una juzuu 30. Mwisho wake wajulikana."

"Na tathmini?"

"Akisahau, arudi nyuma."

Nikaaga. Njiani nikawa nawaza namna walivyoupanga mwanzo. Mtoto haanzii mbele na sura ndefu. Anaanzia mwisho wa msahafu, An-Nas, sura fupi, kisha anarudi nyuma pole pole kuelekea An-Naba. Katika muda mfupi tu ana sura nzima kifuani, ameimaliza, hakuna aliyemwambia anakaribia. Ameonja kumaliza kabla hajajua safari ni ndefu kiasi gani. Na yeye mwenyewe anajua alipo. Muulize usiku wa manane atakuwekea kidole. Aliyeupanga utaratibu ule alikuwa anawajua watoto, na hakuwa na rula.

Nikayasema haya mezani. Mama watoto akauliza, kwa sauti ya ofisini, kiwango cha kufaulu kwa ustadhi ni asilimia ngapi. Nikamwambia mia. Sura iliyopungua aya moja haipokewi. Akanyamaza. Nikaenda kuhesabu pesa.

Safari hii zilikuwa ndogo, alinunua daftari mbili tu. Sasa kila mtoto jioni anaandika jambo moja la kesho, kwa mwandiko wake, mimi natia sahihi. Kitinda mimba aliandika kwamba ataandika "b" kumi zinazotazama mbele, na akaziandika, saba zikatazama mbele, akazifuta tatu kwa hasira bila mtu kumwambia. Siku nyingine aliandika kwamba atamfundisha paka kuketi. Nilitia sahihi. Paka bado, lakini binti amekwisha jaza ukurasa mzima wa mambo aliyoyajaribu na jinsi paka alivyokataa, na hiyo ndiyo insha ya kwanza kuandikwa katika nyumba hii tangu msiba wa mboga. Kifungua mimba yeye bado ni mgumu. Anaandika hesabu sita, mimi nasema kumi, yeye anasema saba, nanyanyuka kama ninayeondoka, ananiita, tunapatana kwenye nane na yeye ndiye wa kuzichagua. Kwa mwendo huu mama yake atapata mrithi bandarini.

Manila zimebaki ukutani. Mama watoto anasema zinasaidia wageni. Nami sikubisha, kwa kuwa shemeji akija anasimama kuzisoma, na akizisoma hawaulizi watoto kitu.

Lakini fomu za kazini hazijaisha. Juzi tumetangaziwa kikao cha tathmini ya muhula, Jumamosi saa tatu, sebuleni, kila mtu aje na daftari lake. Ajenda imebandikwa kwenye friji. Kwenye safu ya Mhusika, mbele ya "viburudisho", najiona nimeandikwa. Kifungua mimba aliisoma ajenda mpaka mwisho, akaigeuza akatazama na nyuma, kisha akamuuliza mama yake marupurupu ya kikao ni shilingi ngapi, maana kwenye habari amesikia waheshimiwa hawakai bure. Mama yake akamwambia hapa hakuna marupurupu. Kijana akasema basi akidi haitatimia, yeye ana udhuru. Mama yake akamkumbusha kwamba kuwajibika ni mojawapo ya maadili ya mtaala. Kijana akauliza kama kuna mahali palipoandikwa Jumamosi.

Wakatazamana. Kitinda mimba, ambaye muda wote alikuwa sakafuni na paka, akanyoosha mkono, kwa kuwa kibendera chake kiko barazani, akauliza kama hayo mahamri ya kikao yatakuwa na mbaazi.

Hoja hiyo ikapita bila kupingwa, na kuwekwa kwenye safu ya Baba.